Jibini Ndani ya Saga

Mmoja wenu aliniuliza swali wiki iliyopita nikashindwa kulijibu palepale. Sitamtaja jina, lakini ni yule ambaye hulamba mwiko akidhani sioni. Chovya chovya humaliza buyu la asali, mwanangu, na bakuli langu la jibini ni dogo kuliko buyu. Alisema, "Kukhu, si krim chizi ni ya keki? Sasa mbona wewe unaitia kwa saga?"

Nilimwambia achambue mboga kwanza, hiyo hiyo saga, mboga yetu ya kienyeji. Lakini swali halikuniacha. Nimeona heri niwaeleze nyote kwa pamoja, kwa sababu mkifungua vibanda vyenu mtaulizwa hivyo hivyo na wateja, na sitaki mjibu ati ni mambo ya huyo nyanya wa Matisi, hata sisi hatujui.

Mnaniita Kukhu, yaani nyanya, na mnanijua nikiwafundisha upishi hapa Matisi, na meko yangu mawili na friji inayonguruma. Kabla ya hapo nilikuwa mpishi wa nyumba moja tu, hapa hapa Kitale, upande ule wa juu wenye ua wa michongoma. Niliingia nikiwa msichana kutoka Naitiri, nikatoka na mvi. Ilikuwa nyumba ya Kalasinga wenye duka la vipuri vya trekta. Mama wa nyumba tulimwita Biji, maana ndivyo wao humwita mama mkubwa wa boma. Mwanawe Jaspal alikuwa kijana wa shule nilipofika, na nilipoondoka ndiye aliyekuwa bwana wa duka, kitambi mbele.

Nyama haikuingia nyumba ile. Maziwa yaliingia. Kila asubuhi mkebe ulitoka Kiminini kwa mkulima yule yule, na Biji aliufungua yeye mwenyewe mlangoni, akainamisha kichwa na kunusa. Angeweza kukuambia ng'ombe amekula majani ya viazi, au mkebe haukusuuzwa vizuri. Nilidhani ananidanganya ili aniogofye. Siku moja nikamuuliza yule mkulima, akakubali kwamba ndiyo, jana aliwapa majani ya viazi. Tangu hapo nikaiheshimu pua yake kuliko cheo chake.

Yeye ndiye aliyenifundisha jibini laini, hiyo mnayoiita krim chizi. Nyinyi mnaitoa dukani kwenye kikopo, na sina ugomvi nayo, hata mimi huitumia nikiwa na wageni wa ghafla. Lakini jueni inatoka wapi. Unachukua maziwa mazima, yale yenye mafuta, hujayaongeza maji. Unayapasha mpaka kidole chako kidogo kivumilie lakini kilalamike. Mimi nilitaka kujua ni dakika ngapi. Biji akaniambia, "Hapana tazama saa. Tazama kidole." Kisha unatia kijiko cha maziwa lala ya jana, unafunika kwa blanketi kama mtoto mwenye homa, na unaondoka. Hapo ndipo vijana mnaposhindwa. Mnarudi kufunua. Mkifunua, baridi inaingia, na maziwa yanakaa katikati, si mabichi wala hayajaganda.

Yakishaganda unayamimina kwenye kitambaa cha pamba, unafunga ncha, unaning'iniza kwenye mfereji wa sinki yachuruzike. Yale maji ya chini usimwage. Kandia chapati, utaniambia. Kinachobaki kwenye kitambaa ukikitia chumvi kidogo na malai ya juu ya maziwa, ukakipiga kwa mwiko mpaka kilainike, hiyo ndiyo jibini.

Mimi mwanzoni nilitafuta njia ya mkato. Nilichemsha maziwa, nikakamua ndimu, yakakatika papo hapo, nikajiona fundi. Biji alitafuna kidogo, ikalia kwenye meno kama raba. Akaniambia hiyo ni paniri, jibini yao ngumu, ni nzuri, itakaangwa na mbaazi jioni, lakini hakuniuliza paniri. Nyinyi mkiharibu kitu, kwanza kijueni jina. Huenda ni chakula kingine.

Kosa langu la pili lilikuwa la sabuni. Kile kitambaa nilikifua kwa sabuni ya kuogea, ile ya waridi, kwa vile nilipenda kinukie. Siku hiyo tulifanya keki baridi, ya biskuti zilizosagwa chini na jibini yenye sukari na pasheni juu. Jaspal alikula kijiko kimoja, akatulia, akauliza kwa adabu, "Nasimiyu, hii keki imeoga?" Biji alicheka mpaka akashika ukuta. Kitambaa cha jibini kinafuliwa kwa maji ya moto na chumvi, basi. Leo mkiniona nikinusa vitambaa vyenu kabla ya kuwaruhusu, msidhani nina wazimu.

Sasa nije kwenye saga, msinione nazunguka.

Kulikuwa na desturi katika nyumba ile, na katika nyumba nyingi za aina ile, kwamba wafanyakazi walikuwa na vyombo vyao. Mimi na Barasa, aliyekuwa mtunza bustani, tulikuwa na sahani mbili za bati na vikombe viwili, vilikaa chini ya sinki, na tulikula kwenye kibaraza cha nyuma, penye jiko letu la makaa. Sababu moja ilikuwa omena, dagaa wa ziwani, maana harufu yake ingewafukuza wenyewe. Sababu nyingine hakuna aliyeitaja. Iliniuma miaka ya kwanza, nawaambia ukweli, halafu nikaizoea, na sijui lipi ni baya zaidi. Nilimpikia Biji kila kitu alichokula, na hakuna hata siku moja aliyoonja nilichojipikia mimi.

Barasa alipanda saga nyuma ya ua, mbegu zilitoka kwa mama yangu Naitiri. Mama pia alinipa munyu, yale magadi yetu ya majivu ya maganda ya maharagwe. Mnajua saga ya kwetu haipikwi ikaliwa. Inachemshwa, inatiwa maziwa na munyu kidogo, inalala kwenye chungu, kesho inapashwa na maziwa mengine, mpaka ule uchungu upungue. Ukiila siku ya kwanza, uso unakunjamana wenyewe.

Halafu ikaja ile homa ya dunia nzima, wakati wa barakoa. Ilimkuta Biji pia. Alilala, akakohoa, Jaspal akashinda mlangoni mwa chumba chake, na Mungu akajalia akaamka. Tukashukuru. Mimi nikajua yamekwisha.

Asubuhi moja baada ya kupona alikuja jikoni kunisimamia kama zamani. Nilikuwa nimeweka maziwa motoni, nikaitwa langoni na mtu wa gesi. Niliporudi nilisikia harufu kuanzia uani. Maziwa yameshika chini. Nikakimbia nikijua leo nitakiona. Nikamkuta Biji amesimama karibu na meko, anayatazama yale maziwa kwa utulivu, moshi unapita mbele ya uso wake.

Nilizima. Nikamwambia, "Biji, yameungua."

Akainama juu ya sufuria, akavuta pumzi. Akavuta tena. Akanitazama.

"Mimi hapana sikia kitu," alisema.

Kiswahili chake alikijifunza jikoni, na mimi changu nilikijifunza humo humo, kwani kwetu tuliongea Kibukusu. Kwa hiyo tulielewana kuliko watu wengi. Na siku hiyo nilielewa kwamba aliogopa.

Pua yake ilikuwa imeondoka, na chakula kikaondoka nayo. Alisema kila kitu ni pamba. Dali ni pamba iliyolowa, chapati ni pamba kavu. Mwanzoni alikula kwa kujilazimisha, halafu akaacha kujilazimisha. Alikuwa na bangili ya chuma, ile ambayo wao hawaivui maisha yote. Zamani mkono wake ulikuwa wa nyama, bangili haikucheza. Siku moja alijaribu kunisaidia kukanda unga, ikateleza ikapita vidole, ikaanguka ndani ya beseni. Aliiokota, akaifuta, akairudisha. Jioni Jaspal alikuja jikoni, mtu ambaye hakujua hata chumvi inakaa wapi. "Nasimiyu, daktari anasema ale. Chochote. Asipokula tutampoteza."

Nilimwambia nitajaribu. Na hapo, vijana, ndipo nilipoanza kujiuliza maswali ambayo miaka yote ya kupika sikuwahi kujiuliza. Ladha iko wapi? Nilikuwa nikisema iko mdomoni. Basi mbona mdomo wake mzima na hasikii?

Nikafanya majaribio. Nilichagua jibini, kwa kuwa jibini haina makuu, ukiitia sukari inakubali, ukiitia kitunguu saumu inakubali pia. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Nilipaka vipande vya mkate, kila kimoja na jambo lake, nikamwambia, "Biji, funga macho." Alidhani ni mchezo wa kitoto, lakini alifunga. Nadhani na yeye alitaka kujua.

Ya ndimu aliijua. "Kali," alisema. Ya chumvi aliijua. Ya pilipili aliijua kwa machozi. Ya tango alisema, "Baridi, na inalia," maana alisikia lile tango likivunjika. Ya sukari aliijua kuwa tamu, lakini niliyotia vanila na niliyoacha bila vanila zikawa kitu kimoja kwake. Ya dhania hakuna. Ya kitunguu saumu, ambayo mimi niliisikia kutoka dirishani, hakuna.

Nikawa nimebaki na moja nyuma. Nilikuwa nimeitia iliki. Iliki ndiyo ilikuwa roho ya nyumba ile, aliitia kwenye chai, kwenye halua, hata mfukoni mwake ulikuta maganda. Alitafuna polepole. Akatafuna tena. Akafungua macho, akaona mbegu nyeusi kwenye jibini, akajua nilichomlisha.

"Iliki imekufa," alisema, akainuka akaenda chumbani.

Nililia kwenye lile sinki. Niliona nimemwonyesha kaburi badala ya kumpa chakula.

Hata hivyo nilikuwa nimejifunza kitu. Ulimi wake ulikuwa hai, ni pua iliyolala. Ukali, chumvi, utamu, moto, ubaridi, ulaini, hivyo vyote bado aliviona. Basi nikapika kwa ulimi. Nilifanya hoho zilizojazwa jibini na mahindi, ziwe moto nje na baridi katikati. Nilifanya chapati laini iliyokunjwa na jibini na matunda damu, yenye ukali na utamu pamoja. Nilifanya viazi vya kupondwa na jibini juu yake karanga zinazolia menoni. Alisema asante. Alikula vijiko viwili vitatu, akasukuma sahani. Nikamuuliza kasoro ni nini. Akafikiri, maana alikuwa mtu wa kujibu kwa haki. Akasema, "Yote mimi najua. Nakula, nakumbuka ile ya zamani. Hii hapana ile."

Sikuelewa mara moja. Mnaona, kila nilichompikia kilikuwa chakula chake, na kila kijiko kilimkumbusha alichopoteza.

Siku hiyo alirudisha bakuli la jibini karibu zima. Mimi na kutupa chakula hatupatani. Nje Barasa alikuwa amechuma saga asubuhi ile, nami nilikuwa nimeichemsha kwenye jiko letu la makaa, haijalala hata usiku mmoja. Maziwa ya kuitia yalikuwa yamekwisha. Nikatazama ile jibini, nikatazama saga. Nikasema potelea mbali. Nikatia munyu kidogo, nikaepua chungu, nikakoroga jibini ndani. Hapa msikilize, kwa sababu ndilo jibu la yule mlamba mwiko: unaepua kwanza. Ukitia jibini motoni inakatika vipande kama maziwa yaliyoharibika. Ukiepua inayeyuka, inavaa kila jani, na munyu unaituliza.

Barasa alionja, akafumba jicho moja. "Hii bado ni chungu, bana. Umeharakisha."

"Kula na ugali, hutakufa," nilimjibu.

Tulikuwa tumeinamia sahani zetu mlango wa jikoni ulipofunguka. Biji alitoka, na hakuwa na kawaida ya kutoka upande ule. Alikuwa amechoka kulala, nadhani, au alitaka jua. Barasa akasimama ghafla, mkono umejaa ugali. Biji akamwashiria akae. Akaitazama sahani yangu ya bati.

"Nini hii nyeupe kwa mboga?"

"Ni jibini yako, Biji. Ile uliyoacha."

"Na mboga?"

"Saga. Ya kwetu."

"Miaka yote wewe nakula hii hapa?"

"Miaka yote, Biji."

Alikaa juu ya ngazi. Akanyoosha mkono. Nilisema niende nikamletee sahani ya ndani, nikainuka kabisa, naye akanishika sketi. Akachukua sahani yangu, ile ya chini ya sinki. Akamega ugali kwa vidole, vibaya, kwa kuwa hakujua kutengeneza lile shimo la katikati, akachota, akaweka mdomoni.

Uso wake wote ukakunjamana. Barasa akatazama chini. Mimi nikajiambia, Nasimiyu, leo umemwua mama wa watu.

"Chungu," alisema Biji.

Nikaanza kuomba radhi. Ya siku ya kwanza, nikamwambia, haijalala, ningejua utaionja ningeingoja. Hakuwa ananisikiliza. Alichota tena.

"Chungu sana," alisema, na machozi yakawa yanamtoka, na alikuwa anatafuna. "Halafu jibini inakuja. Halafu chungu inarudi."

Hapo nikaelewa. Uchungu nao ni wa ulimi, si wa pua, na katika majaribio yangu yote sikuwahi kumpa kitu kichungu. Nani humpa mgonjwa uchungu? Na zaidi ya hapo, saga hakuwahi kuila. Hakuwa na ya zamani ya kuilinganisha nayo. Kwake ilikuwa mpya kabisa, nzima, haijapungua kitu.

Alimaliza sahani. Akaifuta kwa ugali kama mtu wa kwetu. Nikabaki na njaa, na sijawahi kuifurahia njaa kama siku ile. Akaniuliza kesho kuna nyingine. Nikamwambia kesho itakuwa imelala, uchungu umepungua. Akakataa. "Hapana pungua."

Basi kila siku tukapika saga isiyolala na jibini. Baadaye akataka kujua nini kingine tulikuwa tukila huko nje, nikampa mrenda na jibini, nikampa managu, yaani mnavu, nikamsimulia habari za mama yangu na chungu chake. Yeye akaniambia mambo ya mama yake ambayo sikuwahi kuyasikia. Nilikuwa nimekaa naye maisha yangu yote, na bado tulikuwa na ya kuulizana. Bangili ikarudi mahali pake taratibu. Na asubuhi moja niliinama chini ya sinki nikakosa vyombo vyetu. Nikavikuta kabatini, vimepangwa na vya wenyewe. Barasa alilalamika kwamba sasa itabidi anawe miguu akitaka kikombe.

Sasa mnajua kwa nini hapa kwangu keki ya jibini hufuata saga, na kwa nini simwombi mteja radhi kwa ule uchungu. Mkimpikia mtu asiyekula, msimwulize alipenda nini zamani. Jiulizeni ni kitu gani hajawahi kuonja.

Mwaka ule wa mwisho kabla sijastaafu, nilikuwa jikoni nikichambua saga na maziwa yako motoni, tayari kwa jibini ya kesho yake. Nilizama kwenye mboga nikasahau. Maziwa yakashika chini. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuzima, ndipo nikasikia sauti kutoka sebuleni, mbali kule, milango miwili katikati.

"Nasimiyu. Maziwa inaungua."

Mkono wangu ukabaki hewani. Akaita tena, kwa hasira sasa, hasira yake ya zamani, akiniuliza kama nimelala.

Sikuzima. Niliyaacha yaungue kidogo zaidi, nikafungua mlango ili asikie vizuri.